Kompyuta ipi ifanye kazi gani: kupanga seva za ParaView hatua kwa hatua

ParaView ni programu ya kugeuza data ya kisayansi kuwa picha. Dirisha lake ni moja, lakini nyuma yake kuna kazi tatu. Ya kwanza ni kusoma mafaili na kukokotoa vichujio, yaani hatua za kuichakata data. Ya pili ni kuchora picha. Ya tatu ni kukuonyesha menyu na kufuata kipanya chako. Ukiifungua kwenye laptopu bila kugusa chochote, zote tatu hukaa ndani ya mchakato mmoja na wala hujui kuwa zipo. Siku faili linapozidi RAM ya mashine yako ndipo unalazimika kuzitenganisha, na hapo huna budi kuamua ipi ikae kwenye kompyuta gani.

Msimamo wangu nautoa mapema: data ikae ilipo, uchoraji uifuate data, na kinachosafiri hadi kwako kiwe picha tu. Karibu kila kitu kilichomo humu ni namna ya kufika hapo, au namna ya kugundua kwamba hujafika ingawa skrini inaonekana sawa.

Nachukulia kwamba kompyuta za upande wa seva zinatumia Linux. Yako ya mezani inaweza kuwa na Windows, macOS au Linux, haidhuru.

Wahusika wenyewe

`paraview` ndiyo programu ya mteja, yenye menyu na vitufe. `pvserver` ni seva inayobeba kazi mbili kwa pamoja, yaani data na uchoraji. Zipo pia `pvdataserver` na `pvrenderserver`, ambazo ni kazi hizo mbili zikiwa zimetenganishwa, ili data ikokotolewe kwenye kundi moja la kompyuta na picha ichorwe kwenye kundi jingine.

Mpango huo wa pande tatu hupendeza sana ukichorwa ubaoni. Kwenye mtandao haupendezi. Kila unapobadilisha thamani ya kichujio, uso mpya wa pembetatu lazima uvuke kutoka kundi la kwanza hadi la pili, na uso wa data kubwa unaweza kuwa na ukubwa wa mamia ya megabaiti. Hoja iliyokuwa ikiutetea ni kwamba kompyuta za hesabu hazina kadi za grafiki. Lakini nodi (kompyuta moja ya kundi) isiyo na GPU, yaani kadi ya grafiki, inaweza kuchora kwa CPU kupitia Mesa, maktaba ya uchoraji isiyohitaji kadi, na mara nyingi hilo ni nafuu kuliko kuhamisha umbo zima kila mara. Kwa hiyo kuanzia hapa nazungumzia `pvserver` peke yake.

Hatua ya 1: Matoleo yalingane

Endesha `paraview --version` kwako na `pvserver --version` kwenye seva. Mteja wa 5.11 na seva ya 5.12 hawatapatana, muunganisho utakataliwa papo hapo. Ukiweza, linganisha hadi tarakimu ya mwisho. Kama seva inasimamiwa na mtu mwingine, wewe ndiye ufuate toleo lake. Hakuna ubaya kuwa na ParaView tatu kwenye laptopu moja, kila moja kwenye folda yake.

Hatua ya 2: Anzia kwenye mashine moja

Usikimbilie klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja. Fungua terminali kwenye kompyuta yako uandike:

```
pvserver
```

Itajibu kwamba inamsubiri mteja, na kutaja anwani inayoanza na `cs://` na kuishia na `:11111`. Hiyo 11111 ndiyo poti yake ya kawaida. Sasa fungua `paraview`, nenda "File", kisha "Connect", kisha "Add Server". Mpe jina lolote, aina iwe "Client / Server", Host iwe `localhost`, poti 11111. Ukurasa unaofuata chagua "Manual", hifadhi, halafu bonyeza "Connect".

Tazama juu ya orodha ya vichujio upande wa kushoto. Palipoandikwa `builtin:` sasa pameandikwa `cs://localhost:11111`. Mambo mawili hushtua wageni hapa. Kwanza, ukifungua faili sasa unaonyeshwa diski ya seva, si yako. Mtu huzunguka dakika kumi akilitafuta faili lililo kwenye laptopu yake. Pili, ukijiondoa, `pvserver` nayo inazimika. Imeumbwa hivyo, haijavunjika.

Hatua ya 3: Kompyuta zifahamiane

Michakato ya `pvserver` iliyotawanyika kwenye kompyuta nyingi huongea kwa MPI, mfumo wa michakato kutumiana ujumbe, na MPI huianzisha kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine. Kwa hiyo nodi ya kwanza lazima iweze kuingia kwenye nyingine zote bila kuulizwa nenosiri. Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen`, usambaze kwa `ssh-copy-id`, kisha jaribu:

```
ssh nodi02 hostname
ssh nodi02 which pvserver
```

Amri ya kwanza hupita kwa wengi. Ya pili ndiyo inayonasa. Ukiingia `nodi02` kwa mkono unaiona `pvserver`, lakini ukituma amri kutoka mbali haionekani. Sababu ni kwamba kwenye mifumo mingi `.bashrc` huwa na mstari karibu na mwanzo unaosema: kama hakuna mtu kwenye kibodi, ishia hapa. Chochote ulichoongeza kwenye PATH, orodha ya folda ambamo programu hutafutwa, chini ya mstari huo hakisomwi. Kipandishe juu yake, au taja njia kamili ya programu kila unapoianzisha.

Njia hiyo iwe ileile kwenye kompyuta zote, na njia ya data vilevile. Folda moja inayoshirikiwa na nodi zote kupitia mtandao kwa NFS inamaliza mambo yote mawili. Kunakili mafaili kwenye kila nodi inawezekana, ila siku ukisasisha nakala nne kati ya tano utapata picha yenye kipande cha zamani katikati, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuambia.

Hatua ya 4: Orodha ya mashine

Hapa ndipo unasema waziwazi nani afanye kazi. MPI ina matoleo ya koo tofauti. Ukiwa na Open MPI, andika faili la maandishi, tuliite `mashine.txt`:

```
nodi01 slots=8
nodi02 slots=8
nodi03 slots=4
```

Kisha:

```
mpiexec --hostfile mashine.txt -n 20 pvserver --force-offscreen-rendering
```

MPICH, ukoo mwingine wa MPI, ina mwandiko wake. Kila mstari unakuwa `nodi01:8`, na bendera ni `-f mashine.txt` badala ya `--hostfile`.

Mpangilio wa mistari una maana. Mteja wako huunganishwa na mchakato namba 0 peke yake, na huo ndio unaopokea picha iliyokamilika kutoka kwa wenzake na kukutumia. Kwa kawaida unaangukia kwenye mashine ya mstari wa kwanza. Basi weka hapo kompyuta ambayo unaweza kuifikia na yenye mtandao mzuri, hata kama si ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Michakato iwe mingapi? Kanuni ya kidole ambayo watumiaji wa muda mrefu huanzia nayo ni seli (vipande vidogo vinavyounda gridi ya data) milioni 20 kwa kila mchakato kama gridi ina mpangilio, na milioni 1 kama haina mpangilio. Ichukue kama mahali pa kuanzia, kisha angalia RAM. Hesabu kore halisi, usihesabu zile za kujigawa mara mbili. Kumbuka pia kwamba picha haikamiliki hadi mchakato wa mwisho umalize sehemu yake: kompyuta moja kuukuu ukiiongeza kwa nia njema inaweza kuwafanya wote wamsubiri. Mimi ningeiondoa `nodi03` kwenye orodha ile kama ni ya kizazi cha nyuma sana, badala ya kuipa nafasi nne za huruma.

Sasa mtego ulionila nusu siku. Ukipakua ParaView iliyokwisha kujengwa kutoka kwa Kitware, kampuni inayoitengeneza, ndani yake kuna MPI yake, ya ukoo wa MPICH, pamoja na `mpiexec` yake. Mimi niliandika `mpiexec` tu, nikapata ile ya mfumo, ambayo ilikuwa Open MPI. Koo hizo mbili hazielewani. Kilichotokea si kosa la kusimamisha kazi. Ilizaliwa michakato 20 ambayo kila mmoja ulijiona uko peke yake duniani. Kwenye kila nodi wa kwanza ukashika poti 11111 na waliobaki wakalalamika kwamba poti inatumika. Terminali ikajaa makelele, katikati yake ule ujumbe wa kumsubiri mteja ukiwa umetokea zaidi ya mara moja. Nikaunganisha, ikakubali, data ikafunguka. Ilikuwa tu polepole ajabu, nami nikakaa nikiushuku mtandao. Mtandao haukuwa na hatia. Nilikuwa natumia kore moja kati ya ishirini.

Dawa ni kuitumia `mpiexec` iliyokuja na ParaView yenyewe, kwa njia yake kamili, au kuijenga ParaView upya kwa MPI ya mfumo wako. Na dalili ikariri: ujumbe wa kumsubiri mteja unatakiwa uonekane mara moja, hata ukiwa na michakato mia.

Hatua ya 5: Hakikisha uchoraji uko unakodhani uko

Fungua "Help", kisha "About", kisha sehemu ya taarifa za muunganisho. Angalia jina la mchoraji wa OpenGL, mfumo ambao ParaView huutumia kuchora. Ukiona jina la kadi yako ya grafiki, sawa. Ukiona `llvmpipe`, basi ni CPU inayochora. Kama nodi haina GPU, hilo ndilo ulilotegemea. Kama inayo, ParaView uliyoweka haijaifikia, na unahitaji iliyojengwa kwa EGL, ambayo huchora kwenye GPU bila skrini wala dirisha lolote upande wa seva. Nodi yenye GPU mbili hugawiwa kwa `--displays=0,1`; bila hivyo GPU moja inaweza kubeba yote na ya pili ikakaa bure.

Halafu kuna mpangilio ambao watu wengi hawaujui, nao ndio unaoamua hasa kama picha itachorwa kwako au kule. Uko kwenye "Edit", "Settings", ukurasa wa "Render View", unaitwa "Remote Render Threshold". Kiwango chake cha kawaida ni megabaiti 20. Maana yake: umbo linalotakiwa kuonyeshwa likiwa chini ya hapo, seva hulituma zima kwako na laptopu yako ndiyo inayolichora. Likizidi, seva huchora yenyewe na kukutumia picha.

Kwenye mtandao wa kasi mpango huo ni wa busara, maana umbo dogo likishafika kwako unaligeuzageuza bila kuchelewa. Kwenye mtandao dhaifu megabaiti 20 ni mzigo. Weka 0 na kila kitu kitachorwa kwenye seva. Wengine wakilalamika kwamba ParaView inaganda sekunde kadhaa kila wanapobonyeza "Apply", halafu inazunguka vizuri kabisa, hili ndilo la kwanza kuangalia.

Kuhusu uzito wa picha yenyewe, hesabu ni fupi. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080, baiti tatu kila nukta, ni kama megabaiti 6.2. Picha kumi kwa sekunde ni megabaiti 62, karibu nusu ya uwezo wa mtandao wa gigabiti 1. Ndiyo maana kwenye ukurasa uleule wa mipangilio kuna mgandamizo wa picha, na kipimo cha kupunguza ubora wakati unaburuta kipanya. Upunguze bila hofu: ukiachia kitufe, picha kamili hurudi. Sasa linganisha na kuihamisha data yenyewe. Gigabaiti 40 kwenye mtandao huohuo ni zaidi ya dakika tano hata ukienda kwa kasi yake ya juu kabisa, na ukishaifikisha RAM yako bado haitoshi.

Hatua ya 6: Kuvuka lango

Mara nyingi nodi za hesabu hazionekani kutoka nje. Unaingia kwanza kwenye kompyuta ya lango, ndipo unazifikia. Toboa handaki la SSH:

```
ssh -L 11111:nodi01:11111 jina@lango
```

Liache terminali hilo wazi, kisha mwambie mteja wako aunganishe kwenye `localhost`, poti 11111. Yeye hajui kwamba kuna safari.

Handaki si la kuvukia tu. `pvserver` haiulizi nenosiri. Yeyote anayeifikia poti kabla yako anaweza kuunganishwa na kusoma mafaili kwa ruhusa zako, na mawasiliano yenyewe hayafichwi. Bendera ya `--connect-id` huzuia watu wawili wasikosee seva, lakini usiichukulie kama kufuli. Usiiweke 11111 wazi kwenye intaneti, hata kwa jioni moja.

Kuna hali nyingine: klasta yenye foleni, mfano ya Slurm (programu inayogawa nodi kwa zamu), ambapo hujui utapewa nodi gani hadi zamu yako ifike. Hapo geuza mwelekeo, seva ndiyo imtafute mteja:

```
srun -n 32 pvserver --reverse-connection --client-host=lango --server-port=11111 --force-offscreen-rendering
```

Upande wa mteja chagua aina yenye maneno "reverse connection", na umwanzishe kwanza, kwa sababu sasa yeye ndiye anayesubiri. Kama mteja yuko nje ya lango, handaki linakuwa la kurudi, `ssh -R 11111:localhost:11111 jina@lango`. Angalizo moja: SSH kwa kawaida hufungua poti hiyo kwa ajili ya lango lenyewe tu, na nodi za ndani zikibisha hazifunguliwi. Msimamizi ndiye anayeweza kuruhusu, kwa kipengele cha `GatewayPorts`. Ukimwomba, mtajie neno hilo. Utaokoa barua pepe tatu za kuelezana. Kwa upande mwingine faili la mashine hulihitaji hapa, Slurm inajua yenyewe ni nodi zipi imekupa.

Hatua ya 7: Yaandike mara moja

Ukishachoka kuandika amri hizo, ziweke kwenye faili la `.pvsc`, ambalo ni XML ya kawaida:

```
<Servers>
  <Server name="klasta" resource="cs://localhost:11111">
    <CommandStartup>
      <Options>
        <Option name="N" label="Idadi ya michakato" save="true">
          <Range type="int" min="1" max="20" default="16"/>
        </Option>
      </Options>
      <Command exec="ssh" delay="10">
        <Arguments>
          <Argument value="-L"/>
          <Argument value="11111:nodi01:11111"/>
          <Argument value="jina@lango"/>
          <Argument value="./anzisha.sh"/>
          <Argument value="$N$"/>
        </Arguments>
      </Command>
    </CommandStartup>
  </Server>
</Servers>
```

Hiyo `anzisha.sh` ni hati yako mwenyewe kule langoni, inayoiita `mpiexec` kwenye `nodi01` na kupokea idadi. `delay` ni sekunde ambazo mteja husubiri kabla ya kujaribu kuunganisha. Ukiiweka ndogo mno atabisha hodi kabla seva haijaamka. Lipakie kwa "Load Servers" kwenye dirisha la "Connect". Wenzako wakitaka, unawatumia faili hilohilo wakabadilisha jina la mtumiaji tu.

Hatua ya 8: Je, kazi imegawanyika kweli?

Kuwa na michakato 20 hakumaanishi data imegawanywa mara 20. Fungua "View", kisha "Memory Inspector": utaona kila mashine na kila mchakato pamoja na RAM inayotumika. Halafu weka kwenye data yako kichujio ambacho jina lake linaanza na "Process Id" na upake rangi kwa namba hiyo. Rangi nyingi zilizokaa kama viraka, uko sawa. Rangi moja tupu, mchakato namba 0 unafanya kazi peke yake na wengine wanamtazama.

Mara nyingi lawama ni ya aina ya faili. Faili la STL, au la `.vtk` la muundo wa zamani lenye gridi isiyo na mpangilio, husomwa na mchakato mmoja. Lipitishe kwenye "Redistribute DataSet", hifadhi matokeo kama `.pvtu`, na kuanzia siku hiyo fungua hilo jipya. Kila mchakato utachukua vipande vyake moja kwa moja. Mara ya kwanza lazima data yote ienee kwenye RAM ya mashine ya mchakato namba 0, hivyo hiyo siku moja iweke mashine yenye RAM kubwa kwenye mstari wa kwanza.

Ukimaliza

Ukiondoka kwa "Disconnect", seva hujizima. Muunganisho ukikatika kwa fujo, kwa mfano laptopu imelala, baadhi ya michakato inaweza kubaki ikishikilia poti na gigabaiti za RAM za watu wengine. Kesho yake utaambiwa poti inatumika, na anayeitumia ni wewe wa jana. Pitia nodi zote:

```
for n in nodi01 nodi02 nodi03; do ssh $n pgrep -a -u $USER pvserver; done
```

Ikikuonyesha kitu ilhali hujaunganishwa popote, badilisha `pgrep -a` iwe `pkill` uirudie.